Mvule, msasa wa siku nne, na kile chuma cha juu ya kisu

Nimepiga randa miaka kumi na moja. Katika miaka hiyo, kumi nilikuwa nakikalisha vibaya kile chuma cha pili, kile kinacholala juu ya kisu na kufungwa nacho kwa skrubu moja. Nilijua kukifungua, kukifuta vumbi na kukirudisha. Ningeulizwa kazi yake ningejibu kama nilivyojibiwa mimi nikiwa kijana wa kufagia karakana: kinashikilia kisu kisitetemeke. Jibu hilo lina ukweli kidogo, na ukweli huo kidogo ndio ulionifanya nisitafute mwingine.

Kilichonizindua ni meza. Mteja alitaka meza ya kulia ya watu sita, ya mvule, uso wa mbao nene zilizounganishwa kwa gundi. Tulipatana shilingi 750,000. Karakana yangu ipo Keko, Dar es Salaam, na pale mashine ya kupiga randa unaipata kwa jirani kwa malipo madogo, umeme ukiwepo. Mbao zote tatu nilizipitisha kwenye mashine kabla ya kuunganisha. Lakini ukishaunganisha, uso wa upana ule hauingii tena kwenye mashine, na viungo havilingani kwa usahihi hata ukibana vipi. Kinachobaki ni randa ya mkono.

Anayeujua mvule anajua ninakoelekea. Nyuzi zake hazilali upande mmoja. Mkanda wa upana wa vidole viwili unaelekea huku, mkanda wa jirani yake unaelekea kule, kisha unarudi. Ukisukuma randa kutoka kulia, mkanda wa kwanza unatoka laini kama sabuni na wa pili unang'oka vipande. Ukigeuka usukume kutoka kushoto, wa pili unapona na wa kwanza unachubuka. Mashine nayo ilikuwa imeniachia michubuko yake, mimi nikaongeza ya kwangu. Juu ya hayo mvule una mawe. Simaanishi mchanga wa kiwandani. Ni chokaa iliyoganda ndani ya mti ungali hai, ngumu kiasi cha kumega makali ya kisu. Na vumbi lake linawasha pua. Nilipiga chafya wiki nzima.

Nikafanya ninachokijua: nikanoa. Nikanoa tena. Kisu kilinyoa vinyweleo vya mkono, lakini mbao ikaendelea kung'oka. Nikalowesha uso kwa kitambaa chenye maji nikidhani nyuzi zitalainika. Ikasaidia kidogo sana, kisha zikasimama zilipokauka. Nikapunguza kina cha kisu mpaka kikawa hakishiki kitu. Mwisho nikasema potelea mbali, nikachukua msasa.

Siku nne. Msasa namba 40, kisha 60, 80, 120, mikono miwili, mimi na kijana wangu tukipokezana. Msasa peke yake ulikula shilingi 31,000, na sijahesabu ujira wa kijana. Ubaya wa msasa ni kwamba hauchagui. Penye mchubuko mzito unakaza mkono, na pale unapokaza ndipo unapochimba bonde. Kwa mchana wa karakana huoni. Nikapaka vanishi, tukaipeleka. Mteja akawasha taa ya ukutani, mwanga ukaja kwa ubavu, na mimi mwenyewe nikaona uso wa meza kama bahari ya kusi. Hakufoka. Alipitisha kiganja taratibu kutoka ncha hadi ncha, akasema, "Fundi, hii imenyooka kweli?" Nikapunguza 150,000 na kuondoka. Ukitoa mbao, gundi, vanishi, msasa na gari, faida niliyobaki nayo sitaiandika hapa.

Wiki iliyofuata alipita mzee mmoja fundi, amestaafu sasa, aliyezoea kuja kukaa kwenye benchi langu kusoma gazeti. Nilimwamkia, akaitika, nikamsimulia. Hakuniuliza kuhusu kisu. Aliinama akaokota maranda sakafuni, akayatazama yalivyojisokota. "Haya yamejikunja kama nywele za mtoto," akasema. "Chuma cha juu umekiweka umbali gani?" Nikamwonyesha: kama milimita mbili nyuma ya makali. Akacheka. "Basi hicho si chuma, kijana wangu, hilo ni pambo." Akarudi kwenye gazeti lake, na ndivyo alivyo: haongezi neno mpaka uharibu kitu kwanza.

Nikaharibu, tena haraka. Jioni ileile nilisogeza chuma mpaka kikakaribia makali, nikasukuma randa kwenye kipande cha mvule kilichobaki. Mdomo wa randa ukaziba kwenye msukumo wa pili. Nikafungua, nikakuta nyuzi zimejipenyeza katikati ya kisu na chuma, zimeshindiliwa kama pamba sikioni. Nikazitoa, nikafunga kwa nguvu zaidi. Ikaziba tena. Nikaamini mzee kanichezea.

Kumbe tatizo lilikuwa chuma chenyewe. Nilikishikilia pamoja na kisu mbele ya dirisha, nikaona mwanga unapita katikati yao, mwembamba upande wa kulia, mpana kushoto. Milimita mbili nyuma ya makali kasoro hiyo haikujitokeza kwa sababu hakuna utepe wa mbao uliofika pale kwa nguvu. Ukikisogeza mbele, uwazi wa unywele mmoja unatosha nyuzi kuingia, na uzi mmoja ukishaingia unawavuta wenzake.

Hapo nikafanya kosa lililonigharimu. Nikachukua tupa. Chuma hiki kwenye randa nyingi za zamani ni laini, tupa inakikula vizuri mno, na mkono wangu ulivyoyumba ukakiacha na mgongo katikati. Nilipobana, kikagusa katikati tu, pembe zote mbili wazi. Nilikuwa nimekifupisha kwa milimita moja na zaidi bila faida yoyote. Nikaenda mtaa wa Gerezani kutafuta kingine kwa wauza vyuma chakavu. Randa yangu ni Record 05 ya Sheffield, Uingereza, kisu chake kina upana wa inchi mbili, na kwa bahati vyuma vya randa za Stanley vya upana huohuo vinakaribiana na chake. Nilipata kimoja chenye kutu kwa shilingi 8,000. Ukienda kutafuta, beba kisu chako mfukoni: upana uwe uleule, na kile kitundu cha mstatili kinachoshikwa na ulimi wa kurekebishia kina cha kisu kiwe mahali palepale, la sivyo utarudi nyumbani na chuma kisichoshuka wala kupanda.

Chuma hicho cha Gerezani nilikitengeneza kwa jiwe, polepole. Nitaeleza jinsi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukosea kama nilivyokosea.

Upande wa chini wa ncha yake ndio unaokutana na kisu. Usiulaze sawasawa kwenye jiwe. Ukiulaza bapa, ncha na sehemu ya nyuma yake vitagusa kisu kwa pamoja, na ncha ikipata chembe ya vumbi inainuka. Unataka mguso uwe kwenye mstari wa mbele kabisa tu. Kwa hiyo niliweka jiwe kwenye benchi, pembeni yake nikaweka kibao kilicho chini kuliko jiwe kwa milimita tatu hivi, mkia wa chuma nikaulaza juu ya kibao na ncha juu ya jiwe. Mkia ukiwa chini, jiwe linakula mstari wa mbele peke yake. Ukiwa huna jiwe lililonyooka, na mengi ya madukani yana bonde katikati, bandika msasa wa maji juu ya kipande cha kioo kinene. Mimi nilianza na namba 240, nikamalizia na 1000. Paka wino wa kalamu nene kwenye ncha kabla ya kuanza, wino utakuonyesha unapogusa na usipogusa. Wino ukifutika mstari mzima kutoka pembe hadi pembe, umefika.

Usisahau kisu. Upande wake bapa, ule chuma kinapokaa, ukiwa na kutu au shimo karibu na makali, kazi yote ya juu ni bure. Na ukitoka kunoa, kile kijiukingo cha chuma kinachokwaruza kidole kiondoe kabisa. Mara mbili nilidhani chuma changu kimepinda kumbe kilikuwa kimeketi juu ya kijiukingo hicho.

Kisha uso wa mbele wa ncha, ule ambao maranda yanaugonga. Kwenye randa za aina hii chuma kina nundu, na mbele ya nundu kinashuka kwa mteremko wa taratibu. Mteremko huo ni mlaini mno. Kinatakiwa kijiukuta kidogo, chenye mwinamo mkali zaidi. Nilikishika chuma kimeinuka juu ya jiwe, nikavuta mara kadhaa mpaka ukatokea mstari unaong'aa wa upana usiofika nusu milimita, kwa pembe ya kama digrii 50 au 60 kutoka kwenye uso wa kisu. Kisha nikausugua kwenye ngozi yenye dawa ya kung'arishia mpaka ukawa kama kioo. Ukiuacha una mikwaruzo, maranda yatakwama hapo.

Mpwa wangu, aliyesomea useremala chuo cha ufundi cha VETA, alinionyesha kwenye simu picha za majaribio ya Kawai na Kato wa Chuo Kikuu cha Yamagata kule Japani. Walikuza kisu kikiwa kinakata hadi unaona kila uzi wa mbao. Pale ndipo nilipoelewa mzee alichomaanisha. Kisu hakikati tu, kinaingia kama kabari. Utepe wa mbao unainuka juu yake, na kwa kuwa bado umeshikana na mbao iliyo mbele, unaivuta. Mpasuko unatangulia makali. Nyuzi zikiwa zinateremka kuingia ndani ya mbao, mpasuko unazifuata kwenda chini, halafu utepe unakatika na kuacha shimo. Huo ndio mchubuko. Hauletwi na kisu butu pekee. Kisu kikali nacho kinauleta, ndiyo maana kunoa kwangu kote hakukunisaidia. Chuma cha juu kikiwa karibu sana na makali, utepe haujapata nafasi ya kuinuka, unagonga ukuta, unapinda ghafla na kusukumwa mbele na chini. Hauna tena nguvu ya kuvuta. Wajapani hao walijaribu ukuta wa digrii 80 na umbali wa sehemu za kumi za milimita. Sehemu za kumi! Mimi nilikuwa nimekaa milimita mbili.

Na si ugunduzi mpya. Tayari mwaka 1767 Samuel Caruthers, fundi wa Philadelphia, alikuwa anatangaza gazetini randa za visu viwili. Zaidi ya miaka 250 chuma hiki kimekuwa ndani ya randa kikisubiri mtu akisogeze.

Sasa umbali. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa karibu milimita 0.1, na hicho ndicho kipimo changu cha macho. Kwa mvule wa kumalizia nataka karatasi moja na nusu hadi mbili. Huwezi kupima hilo kwa rula, unatumia mwanga. Kwanza ninafunga skrubu kwa vidole tu, chuma kikiwa nyuma kama milimita moja. Nasimama dirishani, naelekeza upande bapa wa kisu kwenye mwanga mpaka nione mstari unaong'aa kati ya ncha ya chuma na makali. Nasukuma chuma kwa kidole gumba, kidogo, kidogo, mstari unapungua mpaka unakuwa kama uzi wa cherehani. Hapo ndipo nakaza kwa bisibisi, na hapo ndipo palinitesa wiki mbili: ukikaza, nundu inabanwa na kulala, na ncha inatambaa mbele. Nilikuwa napima vizuri, nakaza, halafu chuma kinapita makali na randa haikati kitu kabisa. Kwa hiyo acha nafasi ya kutambaa, kaza, tazama tena. Na usikiburute chuma juu ya makali wakati wa kukiweka. Kiingize kikiwa kimekaa kama msalaba na kisu, mbali na makali, kisha ukizungushe na kukisogeza.

Kama ulizoea kukipinda kidogo kisu chako, yaani pembe zimeliwa ili zisiache mistari kwenye mbao, punguza. Chuma kimenyooka, kisu kina upinde. Katikati utapata nafasi yako nzuri lakini pembeni chuma kitayapita makali.

Nilidhani nimemaliza. Nikasukuma, randa ikaziba kwa mara nyingine, safari hii si katikati ya vyuma bali mdomoni. Miaka ya nyuma mtu alikuwa ameniambia dawa ya michubuko ni kubana mdomo wa randa, nami nikasogeza mbele kile kitako ambacho kisu kinakilalia mpaka ukabaki upenyo mwembamba. Ushauri ule si uongo, ila hauendani na huu. Chuma kikiwa karibu, maranda yanatoka yamesimama, na yakikuta mdomo umebanwa hayana pa kupita. Nikafungua skrubu mbili, nikarudisha kitako nyuma mpaka kikalingana na ukingo wa mdomo, nikafunga. Kama una nafasi ya kuchagua kimoja, chagua chuma na uache mdomo wazi.

Msukumo uliofuata ulitoa mlio tofauti. Sijui niuelezeje, badala ya kukwaruza ulikuwa kama kitambaa kinachochanwa polepole. Utepe haukujikunja. Ulisimama wima kutoka mdomoni, ukapanda mpaka ukanigusa kifundo cha mkono. Nikapitisha kidole kwenye mbao, kwenye ule mkanda unaoelekea kinyume, ambao siku zote ungekuwa umejaa mashimo. Laini. Nikageuza kipande nikasukuma kutoka upande wa pili. Laini vilevile. Nilimwita kijana wangu, naye akapitisha kidole, akaniangalia bila kusema kitu. Nadhani alikuwa anakumbuka zile siku nne za msasa.

Tangu hapo nasoma maranda kabla ya kusoma mbao. Yakijisokota, chuma kiko mbali na hakifanyi kazi. Yakitoka yamenyooka au yamejipinda kidogo tu, ndipo hapo. Yakitoka na marinda kama sketi ya shule, na mkono ukalemewa, umekaribia kupita kiasi. Rudisha nyuma kidogo au punguza kina. Maana kina nacho kina mipaka: chuma kikiwa karatasi moja kutoka kwenye makali huwezi kuchukua utepe mnene, randa itagoma kama punda. Mwenye mabanda ya kuku anayechukua maranda kwangu alilalamika mwezi ule kuwa siku hizi hayajai gunia. Kweli, yaliyonyooka yanalala.

Si kila kazi inataka hivyo. Kupunguza mbao mbovu, ninakirudisha chuma milimita moja na kuchimba. Mninga ulionyooka nyuzi nauachia nusu milimita, mkono unapumzika. Nilipata randa ya pili, ya bei rahisi, nikaigawia kazi ya kuchimba, ili hii ya kumalizia nisiiguse kila mara. Na penye fundo, au jiwe la mvule lililomega makali, chuma hakina msaada. Utaona mstari uliobonyea kwenye mbao kila unaposukuma, na hapo ni kunoa tu. Makali butu na chuma kilicho karibu ni mateso mawili kwa mpigo.

Muda ninaotumia sasa: nikinoa kisu, kurudisha chuma mahali pake ni dakika tano. Kukitengeneza mara ya kwanza, jioni mbili, ukiondoa tupa. Kilichoniuma zaidi ya hela ni vijana watatu waliopita mikononi mwangu wakiwa wameambiwa kinazuia kisu kutetemeka. Wawili nimewapigia simu. Mmoja ameacha useremala, anaendesha bodaboda, akanicheka.

Mwaka huu yule mteja wa meza aliniita nikatengeneze viti viwili vilivyolegea miguu. Niliingia sebuleni. Meza ipo palepale, mvule umeshageuka hudhurungi kama unavyofanya ukikaa mwangani, na juu yake wametandika kitambaa kilichoshuka mpaka magotini. Taa ya ukutani ilikuwa inawaka. Nikachukua viti vyangu, nikavitoa nje barazani.